Breki ya kinga yetu haikushika, na kosa lilikuwa letu



Tuliombwa tuandike juu ya usalama wa watoto njiani. Labda mlifikiri tutaanza na malori, maana hapa Mokambo tunaishi mpakani, na kila siku tunayaona yakitoka upande wa Mufulira na kuelekea barabara ya Chembe, vumbi likitufuata mpaka ndani ya sufuria. Habari ya malori tunaijua sote. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba: kile kipande cha mpira kinachobana gurudumu la kinga ili isimame. Wengine wanasema baiskeli, wengine wanasema velo, lakini kwetu ni kinga. Tutaeleza jinsi breki ilivyotushinda, jinsi tulivyomhukumu mtu bila kosa, na jinsi tulivyoitengeneza. Majina hatutayataja. Mji wetu ni mdogo, tunajuana.

Sisi ni wamama saba wa likelemba moja. Wanne wanauza unga na makala, wawili wanalima, na mmoja ni mwalimu wa masomo ya msingi, ndiye anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake. Mwaka jana, zamu zote zilipomalizika, tuliamua tusigawane feza yote. Tuliweka sehemu pembeni, tukanunua kinga iliyotumika: ile ya chuma ya kutoka India, nzito, yenye keria pana nyuma, na breki za fimbo za chuma badala ya waya. Ilitusaidia sana. Ilipeleka mahindi kwenye kinu, ilileta gunia la makala, na mtoto akiugua usiku ilimfikisha kwa muganga kabla ya jua kutoka. Tulimpata kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa ndugu ya mmoja wetu, awe anaiendesha. Kila Jumamosi tulimlipa.

Sasa, mwezi wa tatu ulifika. Mnajua sote namna wamama tunavyoisubiri tarehe 8 Machi. Tulishona kitenge cha aina moja, tukaandika kibao chetu, tukasema kinga nayo itatembea katika maandamano, maana ni jasho letu. Jioni ya tarehe 7 tuliiosha. Ilipokauka tuliona chuma kimefifia, na huku na huku kutu imeanza. Mmoja akaleta chupa ya mawese iliyobaki jikoni. Tukalowesha kitambaa, tukapaka kila mahali: fremu, usukani, keria, na magurudumu. Tulipitisha vidole katikati ya spoku ili hata upande wa ndani wa rimu ung'ae. Kitambaa hicho kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Tunaliandika jambo hili wazi kwa sababu wakati wa kulaumu hakuna aliyelikumbuka.

Siku ya maandamano kinga ilimeremeta, watu wakapiga picha. Tulikuwa na furaha kweli.

Siku ya tatu baadaye, asubuhi, mtoto wa mmoja wetu aliamka na homa kali. Ana miaka minne. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na bado ilikuwa ikidondoka kidogo. Kijana alimfunga mtoto kwa kitenge kwenye keria, mama yake akafuata kwa miguu. Kwenye ule mteremko kabla ya soko, ambako maji ya mvua yanachimba mitaro kila mwaka, kinga ilianza kukimbia. Mbele yao wanawake walikuwa wanavuka na mabeseni kichwani. Kijana alipiga kelele, akageuza usukani, akajitupa na kinga kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna mama aliyegongwa. Lakini mtoto alianguka chini ya kinga, na mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Wamama, mtoto akilia kwa uchungu, watu wazima wanatafuta wa kumlaumu. Tulimlaumu kijana. Tulisema vijana wa siku hizi wanaendesha kama wako kwenye mashindano. Mmoja alisema labda alikunywa. Yeye alisimama pale, goti linatoka damu, akatuambia: "Bamama, freni nilikamata mpaka mwisho. Haikukamata." Hakuna aliyemsikiliza. Jumamosi hiyo hatukumlipa, na Jumamosi mbili zilizofuata pia tulisema feza yake itasaidia matunzo ya mtoto. Hakubishana. Aliacha funguo ya kufuli mezani, akaenda kubebea wengine makala kwa kinga ya kukodi.

Habari ingeishia hapo, kama si wanafunzi wa mwaka wa sita.

Katika somo la sayansi tulifika kwenye msuguano, ile nguvu inayozuia kitu kisiteleze juu ya kitu kingine. Tulipokuwa ISP tulifundishwa kwamba mtoto aone kwa macho kabla ya kuandika kwenye daftari. Basi tulichukua ubao, tukauinua upande mmoja, tukaweka juu yake kipande cha kandambili. Ubao mkavu: kandambili ilikaa, hata tulipouinua zaidi. Tukaumwagia maji: ikaanza kuteleza mapema. Tukaupaka mafuta kidogo: ikashuka mara moja, watoto wakacheka. Tukawauliza wamewahi kuona jambo hilo wapi. Mmoja alisema kwenye sakafu ya kanisa ikipigwa deki. Mwingine alisema njiani wakati wa mvua. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono: "Mwalimu, ni kama ile kinga ya bamama. Siku ya 8 Machi ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye magurudumu."

Darasa likanyamaza, au labda ni sisi tuliosikia kimya.

Baada ya masomo tulikwenda moja kwa moja mahali kinga ilipokuwa imefungwa, majuma matatu bila kuguswa. Tulichukua karatasi nyeupe ya daftari, tukaipitisha upande wa ndani wa rimu, pale mpira wa breki unapogusa. Karatasi ilitoka na rangi ya mawese iliyochanganyika na vumbi jeusi. Tukaipitisha kwenye mipira yenyewe: vilevile. Tukaikunja karatasi ile, tukaitia kwenye kitabu cha maandalio. Iko hapo mpaka leo.

Kesho yake tuliwaita wenzetu, tukaisukuma kinga mpaka kwa fundi mzee anayefanya kazi chini ya mti. Tulimweleza yote. Alisema tu: "Ba mwalimu, breki ni kama mkono. Mkono wenye mafuta haukamati hata kikombe." Kisha akatufundisha, na tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyafanya kwa mikono yetu wenyewe siku hiyo.

Kwanza tuelewe breki inavyofanya kazi. Kwenye kinga za aina yetu, ukivuta mkono wa breki, fimbo za chuma zinainua kipande chenye umbo la kwato ya farasi, na mipira miwili inasukumwa kwenye rimu kutoka ndani, upande unaotazama katikati ya gurudumu. Kwenye kinga nyingine kuna waya badala ya fimbo, na mipira inabana rimu kutoka pembeni, kushoto na kulia. Kazi ni ileile. Gurudumu linasimama kwa sababu mpira unasuguana na chuma. Msuguano huo unategemea mambo mawili: mpira unasukumwa kwa nguvu gani, na hali ya pale mpira na chuma vinapokutana. Kijana wetu alikuwa na nguvu za kutosha. Kilichoharibika ni pale pa kukutana.

Kabla ya kutengeneza chochote tulipima. Tulichora mstari wa chaki kwenye sehemu ya sementi iliyo tambarare. Fundi akapanda kinga tupu, bila mzigo, kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, akabana breki kwenye mstari. Kinga ilisimama baada ya hatua kumi na tano. Na hiyo ilikuwa sehemu kavu, isiyo na mteremko, na bila mtoto nyuma. Mama wa yule mtoto alikuwa amesimama nasi. Alizihesabu hatua kwa sauti, kisha akafunika mdomo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha rimu. Maji matupu hayaondoi mafuta, kila anayeosha sufuria anajua. Tulitumia maji ya moto, sabuni ya kufulia, na majivu ya jikoni kidogo kwenye kitambaa. Tulisugua upande wa ndani pande zote, tukipita kati ya spoku moja baada ya nyingine, kama tulivyofanya siku ile ya mawese. Tukasuuza mara mbili, maana sabuni ikibaki nayo inateleza. Tukakausha kwa kitambaa kingine kilicho safi kabisa. Mwisho tulifuta kwa pamba yenye alkoli, ile inayotumika kabla ya kupiga sindano, mpaka karatasi nyeupe ilipotoka nyeupe. Petroli msitumie nyumbani. Watoto wako karibu, na mbabula unawaka.

Kazi ya pili ilikuwa mipira. Tuliifungua kwa spana. Uso wake ulikuwa umekuwa mgumu na laini kama kioo, na ndani yake vilikuwa vimenasa vijiwe na vipande vidogo vya chuma. Fundi alivitoa kwa ncha ya msumari, kwa sababu kijiwe kimoja kinatosha kukwaruza rimu na kuufanya mpira usikae sawa. Kisha alisugua uso wa mpira kwenye msasa. Ukikosa msasa, sementi yenye kukwaruza inafaa. Alisugua mpaka ule mng'ao ukaisha na mpira mpya ukaonekana. Mpira mmoja ulikuwa umekunywa mafuta sana. Hata baada ya kusuguliwa ulibaki na unyevu wa mafuta. Huo tuliutupa, tukanunua mpya, tukabadilisha na mwenzake ili pande zote mbili ziwe sawa. Mipira ya breki bei yake ni ndogo. Mara nyingine tunanunua soda kwa feza hiyo.

Kazi ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui. Mpira unakaa ndani ya kiatu kidogo cha chuma, na kiatu hicho mara nyingi kimezibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, ili mpira uweze kuingizwa. Gurudumu likizunguka huuvuta mpira pamoja nalo. Kwa hiyo upande uliozibwa lazima uwe kule mpira unakovutwa. Ukikigeuza, siku utakayobana kwa nguvu mpira utachomoka na kuanguka barabarani, na hapo utabaki na chuma juu ya chuma. Tulipochunguza mipira ya gurudumu la mbele tulikuta mmoja umegeuzwa. Sijui nani aliuweka hivyo; ulikuwa hivyo tangu tuinunue, na sisi saba hatukuwahi kuinama kutazama.

Kazi ya nne: mpira uiguse rimu kwa uso wake wote. Usipande juu ya tairi, maana utailiwa tairi mpaka ipasuke. Usining'inie nusu nje, maana nusu haina kazi. Tulizungusha gurudumu polepole tukitazama kama linayumba. Likiyumba, mpira unagusa mahali pamoja na kukosa mahali pengine, na fundi analazimika kukaza au kulegeza spoku. Letu liliyumba kidogo tu.

Kazi ya tano: mkono wa breki. Ukiuvuta mpaka ukagonga usukani, nguvu zako zinaishia kwenye usukani, hazifiki kwenye gurudumu. Fundi alikaza nati za fimbo mpaka mkono ukawa unasimama ukiwa umeacha nafasi ya vidole viwili. Kwenye kinga ya waya, tazameni kama waya umeanza kukatika nyuzi, hasa pale unapoingia kwenye mkono wa breki, na kama unapita bila kukwama ndani ya ala yake. Waya unaruhusiwa tone la mafuta ndani ya ala. Mnyororo pia unahitaji mafuta. Rimu na mpira wa breki havihitaji hata tone moja, wala nta, wala dawa ya viatu, wala mafuta ya kujipaka. Hata mkiupaka mnyororo mafuta, futeni yaliyozidi, kwa sababu gurudumu likizunguka yanaruka.

Tulirudi kwenye mstari wa chaki. Fundi alipanda, akaenda kwa mwendo uleule, akabana. Hatua tano. Kisha sisi tuliomba jambo moja zaidi: tulimwaga maji kwenye magurudumu, akarudia. Hatua tisa. Basi mafuta hayakuwa sababu peke yake. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu inashika vibaya ikilowa, hata ikiwa safi. Rimu za alumini zina nafuu wakati wa mvua, lakini kinga zetu nyingi za mizigo ni za chuma, na hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka wa nne. Anayeendesha kwenye mvua anatakiwa kuanza kubana kidogo kidogo mapema, ili mpira ufute maji kwenye rimu kwanza, halafu ndipo abane kweli. Na kwenye mteremko wenye mtoto au gunia, ashuke, atembee akiishika.

Wakati tunafanya kazi hiyo, kijana mmoja anayejifunza ufundi kwa mzee alituonyesha video kwenye telefone. Kuna mchezo wa kinga unaoitwa trial. Wachezaji wanaruka juu ya mawe, magogo na hata kuta bila kukanyaga chini. Ulikua Catalonia, huko Hispania, ambako Pere Pi, bingwa wa pikipiki, alimtengenezea mwanawe Ot kinga ndogo ya kuchezea hivyo, na Ot Pi baadaye akawa bingwa wa dunia. Kwao breki ni kila kitu: mtu amesimama kwa gurudumu moja juu ya ukingo wa jiwe, likiteleza kidogo anaanguka. Kwa hiyo wengi wao wanaikwangua rimu kwa mashine ya kukatia chuma, mpaka uso wake uwe na mikwaruzo ya kuuma mpira. Wengine wanapaka lami kidogo juu ya rimu ili ishike zaidi. Kijana alikuwa na hamu: tufanye hivyo kwenye kinga yetu, mashine ipo kwa mlehemu.

Tulijadiliana, na mzee alikataa. Alitupa sababu ambazo tulizielewa. Mchezaji wa trial anaenda polepole, habebi gunia wala mtoto, na mipira yake anaibadilisha mara kwa mara. Rimu iliyokwanguliwa inakula mpira haraka, na kila ukikwangua tena chuma kinapungua. Kwetu kromu ikitoka, mvua ya mwezi mmoja inaleta kutu. Lami nayo inakamata vumbi la barabara yetu, na jua likiwaka inakuwa laini na kunata. Tena breki inayokamata ghafla kwenye gurudumu la mbele, huku mzigo uko nyuma na barabara inashuka, inaweza kumrusha mtu juu ya usukani. Hatukuhitaji breki ya kusimama juu ya jiwe. Tulihitaji breki inayopunguza mwendo bila kushtua. Lakini lile la kukwaruza kijana hakukosea kabisa: ndilo tulilofanya kwa mipira, kwa msasa, upande ambao unaweza kubadilishwa kwa feza kidogo.

Mama mmoja aliuliza kwa nini zile kinga wanazopanda wasichana wa masomo ng'ambo, Zambia, hazina mipira kwenye rimu. Ni kinga za Buffalo, za shirika la World Bicycle Relief. Nyingi kati yake zina breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: ukirudisha pedali nyuma, gurudumu linabanwa ndani. Mvua na matope havifiki huko, wala kitambaa cha mawese. Kikundi kinachokusanya feza kununua kinga mpya kinaweza kufikiria aina hiyo. Sisi tunayo hii, na hii lazima tuitunze.

Sasa turudi kwa kijana.

Kutengeneza breki kulichukua nusu siku. Kwenda kwake kulituchukua siku nne, maana kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kungoja. Mmoja alisema mvua ilikuwepo, hivyo hatukuwa na kosa peke yetu. Mwingine alisema yeye naye angeijaribu breki kabla ya kumpandisha mtoto. Hayo yote ni kweli. Lakini alituambia ukweli siku ileile, goti likitoka damu, nasi tulikuwa wamama saba na hakuna aliyeinama kugusa gurudumu. Sisi tunaowafundisha watoto watazame kabla ya kusema, hatukutazama.

Tulikwenda jioni, wote saba. Bibi yake alitupa viti. Tulimwekea kijana mbele yake malipo ya Jumamosi tatu, pamoja na ile karatasi yenye mawese. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa kuwa kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Kijana aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko feza. Kisha akaomba jambo moja: kwamba tulisema amelewa mbele ya watu sokoni, basi na hili tuliseme mbele ya watu. Bibi yake alitaka kumnyamazisha, amweshimu mgeni. Tulimwambia amwache, anadai haki yake.

Tulilisema katika mkutano wa kikundi Jumamosi iliyofuata, na leo tunalisema tena hapa, kwa wale ambao hawakuwepo: kijana hakuwa amelewa, hakuwa anashindana na mtu. Alibana breki ambayo sisi tulikuwa tumeipaka mafuta, na alipoona haishiki aliigeuza kinga ili asiwagonge wamama wenye mabeseni. Kama asingefanya hivyo, labda leo tungekuwa na matanga.

Mtoto alikaa na plasta kwa majuma kadhaa. Mkono umepona, anaulia bukari kama zamani, maana anatumia wa kushoto. Kijana amerudi kwenye kazi. Kila asubuhi, kabla ya kupakia chochote, anaisukuma kinga hatua chache na kubana breki ya mbele, kisha ya nyuma. Mama mwenye mzigo anasimama pembeni na kutazama, kisha naye anabana kwa mkono wake. Tumeiweka kama sheria ya kikundi: asiyebana, hapakii.

Wamama wapenzi, wengi kati yenu mna kinga nyumbani, au mnapakia watoto kwenye kinga ya mtu mwingine kila asubuhi. Leo jioni chukueni karatasi nyeupe, ipitisheni kwenye rimu, muone inatoka na rangi gani. Jumamosi, saa tisa, fundi mzee amekubali kuja kwenye uwanja wa masomo. Leteni kinga zenu, sabuni, majivu na kitambaa safi. Msasa tutakuwa nao sisi.